Kumvusha Mzee Barabara ya Mtaa: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kurekebisha na Kutunza Kivuko

Mzee anayevuka barabara ya mtaa yenye upana wa mita 7 huhitaji kama sekunde 12, tangu anapokata shauri la kuondoka hadi miguu yote miwili ikanyage ng'ambo. Katika sekunde hizo 12, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huwa limekata mita 167. Mitaa yenye mita 167 zilizo wazi pande zote mbili ni michache: kuna kona, kuna mti, kuna gari lililoegeshwa, kuna kilima kinachoficha kinachokuja. Kwa hiyo mzee anaweza kufanya kila kitu sawasawa, akatazama kulia na kushoto, akaona barabara tupu, akaondoka, na bado akakutwa katikati na gari ambalo hakuwa na namna ya kuliona alipoinua mguu wa kwanza.

Kumhimiza awe mwangalifu hakubadilishi hesabu hiyo. Kivuko salama hujengwa kwa sekunde: unapunguza zile anazokaa barabarani, au unamwongezea dereva zile za kumwona na kusimama. Mengi ya kufanya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kipimo sahihi, na subira ya kukaa mtaani kukipata.

Umri unabadilisha nini

Kwa miaka mingi wahandisi walipanga taa za kuvukia wakichukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 65 na zaidi, ulikuta wastani wa mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Anayetumia fimbo au fremu ya kutembelea yuko chini ya hapo. Kwake panga mita 0.6.

Macho nayo hubadilika. Lenzi huingia umanjano na mboni haifunguki kama zamani, hivyo mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20. Taa kali ya gari ikimpiga usoni, huchukua muda mrefu zaidi kabla hajaona tena vizuri.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi vya kutosha. Watafiti waliochunguza namna wazee wanavyochagua nafasi ya kuvuka wamekuta kwamba huamua zaidi kwa umbali wa gari kuliko kwa mwendo wake. Gari lililo mita 80 linaonekana "bado liko mbali", liwe linakwenda 30 au 60. Kwenye mtaa ambao magari yote yanakwenda pole, njia hiyo ya kuamua haina ubaya. Kwenye mtaa ambao gari moja kati ya kumi hupita kasi, hilo moja ndilo linalomkuta katikati.

Simama karibu na ukingo umtazame mzee mmoja anavyoanza. Fimbo inatangulia, inagusa lami, inapapasa kama imeshika. Kichwa kinainama. Mguu dhaifu unaifuata fimbo, kisha unashuka ule wenye nguvu. Kwa sekunde 2 au 3 macho yako chini, kwa sababu hofu ya kuanguka iko karibu zaidi kuliko hofu ya gari. Kichwa kinapoinuka, barabara aliyoichunguza si ile tena. Ndiyo maana katika kila hesabu ya mzee tunaongeza sekunde 3 za kuanza, na ndiyo maana nusu ya pili ya barabara ina hatari kubwa kwake: magari ya upande ule aliyatazama zamani.

Akigongwa, mwili hauvumilii. Uchambuzi wa AAA Foundation for Traffic Safety, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama barabarani, wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mtu wa miaka 70 akigongwa kwa kilomita 40 kwa saa, hatari yake ya kuumia vibaya au kufa inalingana na ya mtu wa miaka 30 aliyegongwa kwa kilomita 56. Wala si lazima gari limguse: shimo dogo au ukingo uliovunjika unatosha kumvunja nyonga.

Kaa mtaani, upime

Unahitaji watu wawili, futi ya kamba ya mita 30 au 50, chaki, simu yenye saa ya kupimia na daftari. Nenda mara tatu: asubuhi wazee wanapotoka, mchana wakati wa pilika, na magharibi giza linapoingia. Usipime saa unayoipenda wewe. Waulize wazee wanatoka saa ngapi na wanakwenda wapi.

Pima upana kutoka ukingo hadi ukingo, pale hasa wanapovukia. Mara nyingi si pale palipochorwa kivuko. Kama watu kumi wanavuka mita 40 kutoka kwenye kivuko, basi kivuko ndicho kilichowekwa vibaya. Mzee hatatembea mita 80 za ziada, kwenda na kurudi, kwa ajili ya michoro.

Pima mwendo wa wazee wenyewe, angalau kumi, bila kuwaambia waharakishe. Anza saa mzee anapoanza kujiandaa kushuka, isimamishe mguu wa pili unapopanda ng'ambo. Andika na anachotembelea: fimbo, fremu, mzigo mkononi, mjukuu.

Mwendo wa magari hauhitaji mashine ya polisi. Chora mistari miwili ya chaki iliyoachana mita 50. Hesabu sekunde gari linazotumia kutoka mstari hadi mstari, kisha gawanya 180 kwa sekunde hizo: sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 4.5 ni 40, sekunde 3.6 ni 50. Kidole kikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde unakosea kilomita 2 au 3, kwa hiyo ukiweza rekodi video na uhesabu baadaye. Chukua magari na pikipiki 40 zinazopita bila kuzuiwa, yapange matokeo kutoka la polepole hadi la kasi, kisha tazama la 34. Hiyo ndiyo namba ambayo mhandisi ataiheshimu, kwa sababu asilimia 85 ya magari hayaizidi. Wastani utakudanganya: unaficha wale wachache wanaokimbia.

Mwisho pima kinachoonekana. Mtu mmoja achuchumae kidogo hadi macho yake yafike kimo cha mzee aliyeinama, kama mita 1.4, akisimama pale pale ukingoni. Mwingine arudi nyuma barabarani hadi asionekane tena. Pima umbali huo, kila upande.

Hesabu ya kivuko chako

Gawanya upana kwa mwendo wa mzee, ongeza sekunde 3. Mita 7 kwa 0.8 ni 8.75, ukiongeza 3 unapata karibu sekunde 12. Kwa mwenye fremu, mita 7 kwa 0.6 ni 11.7, jumla karibu sekunde 15.

Kisha geuza mwendo wa lile gari la 34 kuwa mita kwa sekunde kwa kugawanya kwa 3.6, uzidishe kwa sekunde za mzee. Gari la kilomita 50, kwa sekunde 12, linadai mita 167 zilizo wazi. La kilomita 30 linadai mita 100. Linganisha na ule umbali mliopima. Kama mzee anaona mita 90 na anahitaji 167, kivuko hicho hakimfai, hata kama hakijawahi kutokea ajali. Kutokuwepo kwa ajali kunaweza kuwa na maana kwamba wazee wameacha kutoka nyumbani.

Kazi za wiki ya kwanza

Anza na kinachoziba macho. Kwa mita 10 kabla ya kivuko, upande magari yanakotokea, kusiegeshwe gari, kusiwe na pipa kubwa, bango wala rundo la mchanga. Kama haiwezekani kupata mita 10, zisipungue 5. Gari dogo linamficha mzee aliyeinama mzimamzima. Gari la mizigo linaficha na kijana. Rangi ya kukataza maegesho peke yake huheshimiwa siku chache tu, kwa hiyo weka kitu kigumu: nguzo fupi, makasha ya maua yenye kimo kisichozidi sentimita 60, au vyuma vya kuegeshea baiskeli. Matawi ya miti yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini, na vichaka visizidi sentimita 60.

Ziba mashimo ndani ya upana wote wa kivuko na mita 2 kila upande, maana watu hawavuki kwa mstari ulionyooka. Mfuniko wa mtaro uliopinda au kukosekana ni wa kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Wavu wa kupitishia maji uwe na nafasi zisizozidi milimita 13, na nafasi ndefu zikae kukingama na mwendo wa mtembeaji. Zikielekea anakokwenda, ncha ya fimbo au gurudumu dogo la fremu huzama humo.

Ukiweka benchi la kupumzikia karibu na kivuko, na ni jambo jema sana kulifanya, liweke mita 3 au 4 pembeni na nyuma ya mstari wa macho ya dereva. Benchi lenye watu wanne waliokaa ukingoni ni ukuta.

Punguza mwendo wa magari

Kanuni za barabara za Uingereza zinaonyesha umbali wa kusimama kwenye lami kavu: mita 12 kwa kilomita 32 kwa saa, na mita 23 kwa kilomita 48. Yaani mwendo ukipanda kwa nusu, umbali unakaribia mara mbili. Sehemu ya umbali huo gari linakwenda bila breki kabisa, dereva akiwa bado anang'amua anachokiona: mita 9 kati ya zile 23.

Kibao cha 30 peke yake hakitoshi kwenye barabara pana iliyonyooka. Dereva huitii barabara zaidi kuliko kibao. Kinachofanya kazi mtaani ni kivuko kilichoinuliwa: lami au zege lililopandishwa sentimita 7.5 hadi 10 mpaka lilingane na njia ya miguu. Kinafanya mambo mawili kwa pamoja. Gari linapunguza mwendo, na mzee hashuki wala kupanda, hivyo zile sekunde 2 au 3 za kutazama chini zinapungua sana. Sehemu bapa ya juu iwe na mita 3 hadi 6 kwa mwelekeo wa magari, na miteremko ya magari iwe ya 1 kwa 10 hadi 1 kwa 15; kwa kimo cha sentimita 10, hiyo ni mita 1 hadi 1.5 kila upande.

Kinachokiharibu mara nyingi ni maji. Kivuko kilichoinuliwa hugeuka bwawa mvua ikinyesha, na mzee analikimbia dimbwi kwa kuingia barabarani mahali pengine. Pitisha bomba chini yake au acha mfereji uliofunikwa kila ukingo kabla hujamwaga zege. Kurekebisha baadaye ni kubomoa. Tatizo la pili ni kwa asiyeona: ukingo ukiwa umelingana na barabara, hajui njia ya miguu imeishia wapi. Hapo ndipo panawekwa vigae vyenye vinundu, mstari wa sentimita 60 kwa mwelekeo wa kutembea. Alivibuni Seiichi Miyake wa Japani, na vikawekwa mtaani kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967.

Ikiwa fedha ni za tuta la kawaida tu, liweke kabla ya kivuko, mita 10 hadi 20, ili gari lifike kwenye kivuko likiwa limekwisha kupunguza. Tuta zuri lina urefu wa karibu mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Kuhusu matuta ya kujijengea usiku kwa mawe na saruji, tunasema wazi: msiyajenge. Huwa membamba na marefu kwenda juu, hayana rangi wala kibao. Mwenye pikipiki huanguka, gari la wagonjwa linachelewa, na madereva huyakwepa kwa kupanda pembeni, pale pale wazee wanapotembea.

Kwenye makutano, tazama kona. Kona iliyochongwa kwa duara kubwa hualika gari kupinda bila kukanyaga breki. Ikipunguzwa hadi nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5, gari dogo hulazimika kupinda polepole, na njia ya kuvuka inafupika. Kabla ya kujenga, jaribu kwa wiki nne kwa rangi na nguzo za plastiki zinazopinda, kwa idhini ya mamlaka ya barabara, uone kama gari la taka na la zimamoto yanapita.

Fupisha barabara

Chukua barabara ya mita 11 ambayo mita 2 kila upande ni za maegesho. Mzee anavuka zote 11 ingawa magari hutumia 7 tu. Muda wake ni karibu sekunde 17. Ukitanua njia ya miguu pale kwenye kivuko, pande zote mbili, hadi mwisho wa maegesho, anavuka mita 7 kwa sekunde 12. Umempa sekunde 5, na juu ya hapo anasimama mahali ambapo dereva anamwona bila kuchungulia kati ya magari. Tukiambiwa tuchague jambo moja la ujenzi kwenye mtaa wenye maegesho, tungechagua hili.

Kisiwa cha katikati hufaa zaidi barabara inapokuwa na magari ya pande mbili yasiyokatika. Kinagawa safari: mita 3.5, simama, tazama upande mmoja tu, kisha mita 3.5 nyingine. Kila nusu inachukua kama sekunde 7.5, na kwa gari la kilomita 50 inadai mita 104 badala ya 167. Upana wa kisiwa usipungue mita 1.8, mwenye kiti cha magurudumu na msindikizaji wake wanahitaji mita 2.4. Chini ya hapo, magoti ya mzee au mkia wa kiti unabaki barabarani, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na kisiwa. Njia ya kupita katikati ya kisiwa ilingane na barabara, isiwe ya kupanda na kushuka. Weka kishikio kimoja cha chuma, kimo cha sentimita 90, kwa anayehitaji kutulia.

Ukingo wa kushukia

Mteremko wa kutoka njia ya miguu usizidi 1 kwa 12. Ukingo wa sentimita 12 unahitaji mteremko wa mita 1.44, watu wengi huufupisha ukawa nusu mita, na hapo fremu ya mzee inamkimbia. Upana uwe angalau mita 1.2. Pale mteremko unapokutana na lami pasiwe na kidato kinachozidi milimita 6. Kidato cha sentimita 2 ni kidogo kwako, lakini kinasimamisha gurudumu la mbele la kiti na kumrusha aliyekalia. Mteremko uelekee ng'ambo moja kwa moja. Ukielekea katikati ya makutano, asiyeona vizuri huufuata hadi kwenye magari.

Pundamilia na mpaka wake

Michoro ya pundamilia inafaa, lakini haitoshi kila mahali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na 1,000 visivyochorwa, katika miji 30, ulikuta kwamba kwenye barabara za leni nyingi zinazopitisha magari zaidi ya 12,000 kwa siku, michoro peke yake iliambatana na ajali nyingi zaidi za watembea kwa miguu. Njia mojawapo inayoleta ajali kwenye barabara kama hizo ni hii: gari la leni ya kwanza linasimama, mzee anaanza, gari lililosimama linamficha, na la leni ya pili linapita bila kumwona. Kwenye barabara za aina hiyo ongeza kisiwa, taa, au vyote, na sogeza mstari wa kusimamia magari mita 6 hadi 15 nyuma ya kivuko ili leni ya pili ionekane.

Kwenye mtaa wa leni mbili chora mistari ya sentimita 50 iliyoachana sentimita 50, upana wa kivuko usipungue mita 2.5. Panga mistari ili matairi yapite katikati ya nafasi, rangi itadumu zaidi. Tumia rangi ya barabara yenye chembe za kioo na mchanga mgumu. Rangi laini ya nyumba ikilowa huteleza kama sabuni chini ya soli ya mpira iliyolika.

Palipo na taa za kuongozea

Chukua barabara ya mita 10. Taa iliyopangwa kwa mita 1.2 kwa sekunde inatoa sekunde 8.3. Mzee wa mita 0.8 anahitaji 12.5, bila hata kuhesabu kuanza. Taa ikibadilika amebakiza mita 3.3, yaani leni nzima. Marekani ilishusha kipimo chake hadi mita 1.07 mwaka 2009, na palipo na watembeao polepole wahandisi wanaruhusiwa kushuka zaidi. Omba 0.8. Mabadiliko haya hayana ujenzi. Ni fundi kufungua kabati la taa na kuandika namba nyingine.

Singapore wanayo njia nzuri tangu 2009: mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo na taa humwongezea sekunde 3 hadi 13, kulingana na upana wa barabara. Mahali pengine vihisio humfuata mtembeaji na kuishikilia taa mpaka amalize.

Omba pia taa ya watembeaji itangulie ya magari kwa sekunde 3 hadi 7. Wazee hugongwa na magari yanayopinda, na sababu moja ni nguzo ya kioo cha mbele: gari likipinda polepole na mzee akitembea polepole, nguzo hiyo inaweza kumficha njia nzima. Akitangulia, dereva anamkuta katikati, mbele ya kioo. Muda wa kusubiri usizidi nusu dakika pale inapowezekana. Kusimama kunamchosha kuliko kutembea, na akichoka atavuka pasipo taa.

Mwanga

Kosa la kawaida ni kuweka taa juu ya kivuko au nyuma yake. Dereva anaona kivuli cheusi, au haoni kitu. Taa iwe kama mita 3 kabla ya kivuko, upande gari linakotoka, ili imulike uso na kifua cha anayevuka. Barabara ya pande mbili inahitaji taa mbili. Kipimo ni laksi 20 (laksi ni kizio cha mwanga unaofika mahali) zinazopiga wima kwa kimo cha mita 1.5. Huna kifaa? Mweke mtu aliyevaa nguo za giza kwenye kivuko, kaa ndani ya gari lililosimama mita 40 nyuma, ukiwa umewasha taa za chini. Kama unaona miguu tu, mwanga hautoshi.

Mzee mwenyewe na anayemsindikiza

Mzee achague kitu kisichohama kila upande magari yanakotoka: nguzo, lango, mti. Mpimieni kwa ile hesabu ya juu, kwa mwendo wa magari ya kasi na si ya wastani. Kanuni yake inakuwa rahisi: gari likishapita ile nguzo kuja kwake, haanzi. Haimlazimu tena kukisia mwendo, jambo ambalo macho yake hayalifanyi vizuri.

Miwani yenye sehemu ya kusomea chini huufanya ukingo uonekane umefifia na umesogea. Kwa kutembea nje, miwani ya kuonea mbali tupu ni bora. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na hilo ni suala la usalama barabarani kama lilivyo la macho. Dawa za usingizi na baadhi ya za shinikizo la damu huleta kizunguzungu cha kusimama ghafla. Akitoka kukaa, asimame dakika moja kabla ya kushuka barabarani. Mpini wa fimbo uwe usawa wa kifundo cha mkono ukining'inia, na mpira wa chini ubadilishwe mikunjo yake inapofutika. Usiku, kitambaa kinachoakisi mwanga kifungwe kwenye vifundo vya miguu au kwenye fimbo, kwa sababu vinasogea na jicho la dereva hunasa kinachosogea.

Msindikizaji asimshike mzee mkono na kumvuta. Mpe kiwiko chako akishike yeye, upande ule asiotumia fimbo, na nenda kwa hatua zake. Sema mapema, "tunashuka, mama", "bado hatua mbili, babu". Gari likikaribia mkiwa katikati usimharakishe. Inua mkono, mtazame dereva, endeleeni kwa mwendo ule ule. Akiambiwa akimbie, anaweza kuanguka.

Kwa dereva, mambo matatu. Simama mita 3 nyuma ya kivuko. Usimpungie mzee mkono kumwita avuke, kwa sababu humwoni wa leni ya pili kwa niaba yake. Usiondoe gari wala kupiga honi mpaka apande ukingo.

Barua kwa mamlaka ya barabara, na baada yake

Ukurasa mmoja unatosha. Weka mahali penyewe, upana, mwendo wa gari la 34 kati ya 40, sekunde za wazee kumi, umbali unaoonekana na umbali unaohitajika. Ambatisha picha mbili, moja ya kimo cha macho ya mzee. Omba jambo moja kubwa na mawili madogo. Orodha ya mambo kumi hujibiwa kwa kusubiri bajeti. Wazee wenyewe watie saini, na wawili au watatu waende kuipeleka.

Kazi ikikamilika, rudia vipimo vile vile baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, kwenye mistari ile ile ya chaki. Mwendo ukiwa haujashuka kilomita 5 au zaidi, tuta lina kimo kidogo mno au liko mbali mno na kivuko. Kisha mpe mtu mmoja wa mtaa daftari la matunzo: kila mwezi atazame taa usiku na aone kama matawi yamerudi kuziba, baada ya kila mvua kubwa afagie mchanga kwenye miteremko, maana hapo ndipo fimbo huteleza kwanza, na kila mwaka apime kwa rula kidato cha ukingo, kwa sababu lami mpya ikimwagwa juu ya ile ya zamani, milimita 6 huwa sentimita 3.